Jinsi ya Kupanga Usiku wa Watoto Kulala Pamoja Nyumbani

Usiku wa watoto kulala pamoja mara chache huharibika kwa kukosa michezo. Huharibika kwa michezo mizuri kupangwa kinyumenyume: filamu inawekwa saa 12 jioni, watoto wanakalishwa kimya wakati nguvu bado zinawachemka, halafu saa 3 usiku wanaanza kukimbizana. Mwili uliotoka mbioni una joto, moyo unadunda, na hauwezi kulala papo hapo hata taa zikizimwa. Kwa hiyo anza na mchezo wa kukimbia, shuka hadi wa kukaa, malizia na wa kulala chali gizani. Ukishika mtiririko huo, makosa mengine mengi yanarekebishika.

Mpango ulioko hapa ni wa watoto 5 wa miaka 7 hadi 10, wanaofika saa 11 jioni na kuchukuliwa saa 4 asubuhi.

Kabla ya kualika

Mtu mzima mmoja anawamudu watoto 4 au 5, ukimhesabu na wa kwako. Wakifika 7, tafuta mtu mzima wa pili. Watatu ni wagumu kuliko wanavyoonekana: wawili hushikana, wa tatu hubaki pembeni, na kufikia saa 2 usiku ameshakuja jikoni kukushtakia. Walio chini ya miaka 7 wafanyie nusu usiku: waje na nguo zao za kulalia, wacheze, wale, wasikilize hadithi, kisha wazazi wao wawachukue saa 3. Wanapata raha yote bila kile kipande cha saa 7 usiku ambacho bado hawajakiweza.

Zungumza na kila mzazi kwa sauti, usitegemee ujumbe mfupi. Uliza kuhusu mzio wa chakula, dawa na saa za kuzinywa, hofu ya giza, saa ya kawaida ya kulala, na filamu anazoruhusiwa kutazama. La kukojoa kitandani uliulize wewe mwenyewe, kwa faragha, kwani wazazi wengi huona haya kulianzisha. Nawe umweleze mzazi mambo ambayo ana haki ya kuyajua: watu wazima na vijana gani watakuwemo ndani usiku huo, watoto watalala chumba kipi, na kwamba mtoto akitaka kumpigia simu saa yoyote atapigiwa. Kama mzazi hataki mwanawe apigwe picha, au picha isiende mtandaoni, hilo litimizwe bila mjadala.

Kisha kaa na mtoto wako, mwenyeji. Mwambie achague vitu vyake vitatu anavyovipenda mno, mvifungie kabatini. Vyote vitakavyobaki nje vitachezewa na wote. Ugomvi mwingi wa usiku huo hutokana na kidoli kimoja au gari moja ambalo mwenyewe hakuwa tayari kuliachia, na kumtaka awe mkarimu mbele ya wenzake wakati ameshakasirika ni kumwonea.

Ratiba

Saa 11:00 – kufika, kuchora foronya
Saa 11:45 – michezo ya mbio
Saa 12:15 – msako wa hazina
Saa 12:50 – kutengeneza piza na kula
Saa 2:00 – kuoga, nguo za kulalia, kujenga hema
Saa 2:30 – michezo ya vivuli
Saa 3:15 – hadithi gizani
Saa 3:45 – taa kuzimwa

Acha nafasi. Mchezo ukinoga, uache uendelee dakika 10 zaidi na ufute mwingine; usikate raha kwa ajili ya karatasi. Lakini saa ya mwisho usiisogeze. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na mwenzao mmoja lazima ataamka saa 12 asubuhi na kuwaamsha wengine wote.

Kufika: kazi ya mikono kwanza

Robo saa ya kwanza ni ya kuoneana haya, na anayefika wa mwisho huwakuta wenzake wameshazoeana. Kazi ya mikono hulitatua hilo, kwa sababu anayefika hupewa kiti na kalamu, hana haja ya kutafuta la kusema. Kuchora foronya kunafaa kuliko mengi: kila mmoja atailalia usiku huohuo na kuibeba asubuhi.

Tumia foronya nyeupe za pamba, zilizofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huzuia wino kushika. Ndani ya kila foronya ingiza kipande cha katoni kinachoijaza. Bila katoni, wino hupenya na mchoro wa mbele hutokea nyuma. Wachore kwa penseli kwanza, kisha wapitishe kalamu za wino wa nguo. Usinunue rangi ya maji ya nguo kwa shughuli hii: huchukua saa nyingi kukauka, nao wanataka kuweka shavu juu yake kabla ya saa 4. Mchoro ukishapumzika dakika 10, mtu mzima aupige pasi kavu isiyo na mvuke, juu ya kitambaa chepesi, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti ya kalamu. Joto ndilo linalofunga wino usitoke ukifuliwa.

Michezo ya mbio

Sheria moja ya kuchagua: usiweke mchezo wa kutoana. Mtoto aliyetolewa mapema hana kazi, na mtoto asiye na kazi katika nyumba ngeni huanza kufungua droo. Mchezo wa sanamu, ambapo muziki ukikatika wote wanaganda, uchezeni bila kumtoa mtu: aliyetikisika ndiye anayechagua namna ya kucheza raundi inayofuata, kwa mguu mmoja, kwa kutambaa, au kama chura.

Kujificha nako kugeuzeni. Mmoja ajifiche, wengine wote wamtafute, na kila anayemwona aingie kimyakimya kujificha naye palepale, mpaka abaki mtafutaji mmoja mbele ya rundo la watoto wanaojizuia kucheka. Hakuna anayetolewa na hakuna anayesahauliwa. Kabla ya kuanza, tembea nao nyumba nzima na kutaja palipokatazwa: friji, mashine ya kufulia, sanduku lolote lenye kifuniko kinachojifunga, gari, na jikoni. Mtoto anaweza kukosa hewa ndani ya kitu kama hicho bila sauti yake kusikika, kwa hiyo funga kwa ufunguo vinavyofungika.

Msako wa hazina

Hapa ndipo penye kazi ya kuandaa, na hapa ndipo patakapokumbukwa. Andaa vidokezo 10, viwili kwa kila mtoto. Ukikadiria dakika mbili hadi tatu kwa kidokezo, mchezo huenda nusu saa hivi.

Andika ukianzia mwisho. Weka hazina kwanza, tuseme ndani ya kapu la nguo chafu. Andika kidokezo kinachoelekeza kwenye kapu, kipe namba 10, kifiche mahali pengine, tuseme nyuma ya pazia. Sasa andika namba 9 kinachoelekeza kwenye pazia. Rudi hivyo hadi namba 1, ambacho utawapa mkononi. Ukianzia mwanzo, utajikuta na kidokezo kinachoelekeza mahali ambapo hukuweka kitu. Orodha ya namba na mahali iwe mfukoni mwako. Kikipotea kimoja, na mara nyingine hupotea, unawapa kinachofuata na mchezo hausimami.

Kosa kubwa la msako ni mtoto mmoja mwenye mbio kuvikusanya vyote huku wenzake wakimfuata nyuma. Dawa yake ni rangi. Kila mtoto apewe rangi yake, na kila kidokezo kiwe na alama ya rangi ya mwenyewe. Kutafuta ni kwa wote, ila kukifungua na kukisoma ni kwa mwenye rangi peke yake. Pangilia rangi zipishane. Asiyejua kusoma vizuri mchoree picha ya mahali badala ya maneno, na wenzake hawatagundua kwamba umempunguzia.

Vidokezo vitamu ni vya kufumbua, na lugha yetu ina hazina yake: kusema kinyume, silabi za mwisho zikaja mbele. Kabati linakuwa *tibaka*, jikoni inakuwa *nikoji*, meza inakuwa *zame*. Andika «Tazama chini ya zame» na uwaache wabishane. Mara kimoja kiandike kwa kugeuza herufi ili kisomeke kwenye kioo tu, kingine kwa namba, A ikiwa 1, B ikiwa 2, na ufunguo wake chini ya karatasi. Kidokezo kikiwashinda kwa dakika tatu, wape silabi moja. Wakishakata tamaa, hawarudi mchezoni kwa moyo uleule.

Ficha vyote chini ya kimo cha bega la mtoto mfupi kuliko wote, ili asiwepo wa kupanda kiti. Usifiche karibu na jiko, wala kwenye kabati lenye sabuni na dawa za kusafishia. Hazina yenyewe iwe mifuko mitano iliyo sawa kabisa, hata rangi. Peremende nyekundu nne na moja ya kijani zitakuletea kilio.

Chakula wanachojitengenezea

Piza ndogo zinafaa kwa sababu kila mtoto anaamua kinachokaa juu ya yake, na mwenye mzio anaona kwa macho yake kilichomo.

Unga wa ngano gramu 500, hamira ya papo hapo gramu 7, chumvi vijiko vidogo 2, mafuta vijiko vikubwa 2, maji ya uvuguvugu mililita 300. Kabla wageni hawajafika, kanda kwa dakika 10, funika, uache uumuke saa moja hadi uwe maradufu, kisha uweke kwenye friji. Utoe nusu saa kabla ya kuugawa. Utapata madonge 6 ya takriban gramu 140: matano ya watoto na moja la akiba, kwa sababu kuna litakaloanguka chini. Maji yakiwa moto wa kuunguza kidole, hamira hufa na unga haupandi tena.

Kila mtoto atandaze donge lake juu ya kipande cha karatasi ya kuokea chenye jina lake kwa penseli. Majina ni lazima. Zikitoka kwenye oveni zinafanana. Mchuzi wa nyanya ni kijiko kimoja kikubwa na nusu, usizidi. Watoto hupenda kuumwaga, na piza yenye mchuzi mwingi hubaki mbichi katikati hata kingo zikiungua. Oka kwa nyuzi 230 dakika 10 hadi 12. Kutia na kutoa ni kazi yako peke yako.

Bisi za baadaye zipike mwenyewe pia: theluthi ya kikombe cha mahindi na vijiko vikubwa 2 vya mafuta kwenye sufuria ya lita 4. Tia punje tatu kwanza, zikipasuka ndipo umwage zilizobaki na kufunika. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka 4 nyumbani, bisi na karanga zisimfikie, zinaweza kumkaba. Vinywaji vya kola, chai na kahawa viache kabisa jioni hiyo kwa ajili ya kafeini. Baada ya saa 2 na nusu ni maji tu, funda chache.

Hema na vivuli

Kubadili nguo ni bafuni, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Lisemeni kama utaratibu wa nyumba, kwa wote, bila kumnyooshea mtu kidole. Wakati mmoja akiwa bafuni, wengine wanajenga.

Hema la shuka huanguka kwa sababu moja: blanketi zito linavuta viti ndani. Tumia shuka jepesi. Panga viti vinne migongo ikitazamana, shuka lipite juu ya migongo hiyo na kushuka hadi kwenye vikalio upande wa nje, kisha weka vitabu vizito juu ya shuka kwenye kila kikalio. Vibanio vya nguo vishike pale shuka linapopita juu ya mgongo wa kiti. Ndani iwe tochi ya betri pekee. Mshumaa au taa ya waya isiingie humo hata kwa dakika moja. Kitambaa kilichoinama juu ya balbu ya moto hushika moto haraka.

Michezo ya vivuli inastahili muda mrefu kuliko inavyopewa kwa kawaida. Tundika shuka jeupe mlangoni, livute lisiwe na mikunjo. Taa moja iwe mita 2 nyuma yake, juu ya kiti imara, kimo cha kiuno cha mtoto. Watazamaji wakae upande wa pili, chumba kingine chote kiwe giza. Taa ya simu hufanya vizuri kuliko tochi pana, maana mwanga ukitoka kwenye kidoa kidogo kingo za kivuli huwa kali, na ukitoka mahali papana kingo hufifia. Taa mbili huharibu kila kitu: kila mkono unakuwa na vivuli viwili.

Waonyeshe siri yenyewe kisha uwaachie. Mtoto akisimama karibu kabisa na shuka, kivuli kinalingana naye na kinaonekana wazi hadi vidole. Akirudi nyuma mpaka katikati ya taa na shuka, kivuli kinakuwa mara mbili ya kimo chake. Akizidi kuisogelea taa anakuwa jitu linalojaza shuka lote. Wakishaliona hilo wanajua la kufanya: mmoja karibu na shuka, mwingine karibu na taa, na panya anakimbizwa na paka wa ukubwa wa nyumba. Wagawe makundi mawili, la watu 2 na la watu 3, dakika 10 za kujiandaa na dakika 3 za kuonyesha. Maumbo ya katoni yaliyogundishwa kwenye vijiti huwafaa wenye haya, kwa kuwa hawaonekani wenyewe.

Kama wameililia filamu, iwekwe badala ya hema na vivuli: harakisheni chakula na kuoga, ianze saa 2 kasoro robo na iwe ya dakika 90. Chagua tatu zinazokubalika kwa wazazi wote, wapige kura kati ya hizo. Ukiwaachia uwanja mzima watabishana nusu saa na kuishia kwenye ya kutisha.

Kulala

Magodoro yote yawe sakafuni, vichwa upande mmoja, na njia wazi ya kwenda msalani yenye taa ndogo. Anayeogopa giza, au anayeamka usiku, alale ukingoni karibu na mlango. Wa kwako alale katikati, asiwe na rafiki mmoja tu wa kunong'ona naye. Mlango wa chumba ubaki wazi kidogo, na simu zote zilale kwenye kapu chumbani kwako. Msalani waende wote, hata anayesema hana haja.

Hadithi iwe ya kupokezana: wewe anza kwa sentensi tatu, kila mtoto aongeze moja, wamelala chali, taa imezimwa. Vitendawili pia vinafaa hapa. Hadithi za mizimu ziache, hata wakiziomba. Wanaoziomba ni wawili, na atakayekuja kitandani kwako usiku wa manane ni wa tatu, aliyenyamaza. Sauti yako ishuke kadiri hadithi inavyokwenda, na mwisho wake wahusika wote wawe wamelala.

Akilia mtoto saa 7 usiku, mtoe nje ya chumba kabla wengine hawajaamka. Usimwambie «usilie» wala «wenzako mbona wamelala». Mwambie kwamba kukumbuka nyumbani usiku ni jambo la kawaida, mpe maji, mpeleke msalani, kaeni pamoja sebuleni penye mwanga hafifu, dakika 10 au 15. Wengi hurudi kulala hapo. Akiwa bado anamtaka mama au baba, piga simu. Asifanyiwe biashara, asiahidiwe zawadi ili avumilie. Anayejua kwamba atapelekwa nyumbani akihitaji ndiye atakayethubutu kuja tena mara nyingine.

Kwa kitanda kilicholowa, weka tayari shuka mbili, nguo safi na taulo karibu na mlango wako, na utandike karatasi ya plastiki chini ya shuka za wote, si ya mmoja. Badilisha kimya, washa taa ya ukumbini tu, nguo zilizolowa zifuliwe kabla ya alfajiri. Aambiwe mzazi wake, wala si mwingine.

Asubuhi

Usiku huo huo, kabla hujalala, weka kapu sebuleni lenye karatasi, penseli za rangi na kadi za kuchezea. Waambie atakayeamka mapema aende hapo bila kumwamsha mtu. Kifungua kinywa kiwe chepesi na cha kujipakulia, saa 2. Baada ya hapo wabomoe hema wenyewe, kwani soksi na miswaki iliyopotea imo humo chini ya shuka.

Mzazi anapofika mwambie ukweli: mtoto alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikula nini, na kama alilia. Atajua jioni hiyo amlaze mapema.